Mdhibiti na Mdhibitiwa: Sheria ya Mnururisho na Madini ya Katanga

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nchi yenye urani huhitaji chombo cha udhibiti kisichofungamana na watumiaji wa nishati ya nyuklia. Sisi tulioko Lubumbashi suala hili latuhusu kuliko wengi: urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa (wakati huo Léopoldville), kilipata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Katika miaka ya 1970 fito mbili za fueli zilitoweka huko. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998.

Sheria nambari 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo iliyoweka msingi wa Kamati ya Taifa ya Kinga dhidi ya Mnururisho, CNPRI kwa kifupisho cha Kifaransa. Kamati hukagua, Kamisheni Kuu ya Nishati ya Atomiki huendeleza utafiti na matumizi. Mgawanyo huu una sababu. Marekani iliivunja Tume yake ya Nishati ya Atomiki kwa sheria ya mwaka 1974, kwa kuwa tume hiyohiyo iliihimiza nyuklia na papo hapo kuikagua. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 nao wataka kazi hizo zitenganishwe.

Je, mdhibiti wa namna hii tumwite “huru”? Naona “anayejitegemea” lafaa zaidi, maana lauliza moja kwa moja: nani humlipa mshahara, nani humnunulia vipimo, nani aweza kumfukuza? Ofisi mbili zaweza kuwa na majina mawili na mfuko mmoja.

Mwezi Novemba 2007, Kamati ikiwa tayari kisheria, shehena ya madini yenye mnururisho iliyokamatwa Likasi iliamriwa ikatupwe Shinkolobwe. Haikufika: ilimwagwa katika mto Mura. Amri ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuifuata shehena hadi mwisho wa safari.

Mwaka 2018 kampuni ya Katanga Mining ilisimamisha kwa muda uuzaji wa kobalti ya Kamoto, Kolwezi, baada ya urani kuonekana ndani yake kupita kiwango kinachokubaliwa bandarini. Tangazo lilitolewa na kampuni yenyewe.