Kubadilisha Sura ya Tovuti Bila Kupoteza Kumbukumbu



Tulipobadilisha sura ya tovuti yetu tulisifiwa kwa wiki moja. Rangi zilikuwa mpya, picha za juu zilikuwa zikipishana zenyewe, na menyu ilijificha na kujitokeza kama ya gazeti kubwa. Wiki ya pili, baada ya Misa ya Dominika, mama mmoja anayeuza machungwa pale njia panda ya Segera alinisimamisha mlangoni. "Frateri," akasema, "ile habari ya mazishi ya marehemu mume wangu iko wapi? Nimemtumia mwanangu yuko Mwanza, anasema haifunguki."

Mumewe alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Habari ya mazishi yake ilikuwa mojawapo ya habari zilizosomwa sana kwetu. Nilichukua simu ya yule mama nikabonyeza kile kiungo alichokitunza, nikaona maneno kwamba ukurasa huo haupo. Nikatafuta kwa jina nikaipata habari yenyewe kwenye anwani nyingine. Maandishi yalikuwa yote. Picha hazikuwepo hata moja. Mahali pake palikuwa na visanduku vya kijivu.

Kosa lilikuwa langu, wala si la programu. Nimeona nieleze lilivyotokea, kwa sababu parokia nyingi na vyama vingi vya kitume sasa vina blogu au tovuti, na karibu kila baada ya miaka michache hutokea mtu mwenye moyo mzuri akasema, "Hii tovuti imezeeka, tuibadilishe."

Tovuti ya aina hii ina vitu vitatu ambavyo kwa nje huonekana kama kimoja. Kuna programu inayoiendesha, kama WordPress au Blogger. Kuna themu, yaani sura: rangi, herufi, mahali pa picha, mpangilio wa kurasa. Halafu kuna yaliyomo: maandishi, picha, tarehe, majina. Fikiria kanisa la parokia. Programu ni jengo. Themu ni mapambo na vitambaa vya altare, zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe wakati wa Pasaka. Yaliyomo ni daftari la ubatizo. Parokia inaweza kubadilisha vitambaa kila msimu, inaweza hata kubomoa kanisa na kujenga jingine, lakini sijawahi kusikia paroko aliyetupa daftari la ubatizo kwa sababu kanisa jipya limekamilika.

Mgawanyo huu haukuwa dhahiri tangu mwanzo. WordPress ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little waliochukua programu ya zamani iliyoachwa na mwenyewe wakaiendeleza. Wakati huo aliyetaka kubadilisha sura alilazimika kuingiza mkono katika mafaili ya programu yenyewe. Ni toleo la 1.5, la Februari 2005, lililoleta themu kama kitu cha pekee unachoweza kukivua na kuvalisha kingine bila kugusa maandishi.

Mwaka huohuo, hapa kwetu, blogu zilianza kushika kasi. Ndesanjo Macha alikuwa tayari anaandika kwa Kiswahili katika blogu yake ya Jikomboe, na Septemba 2005, huko Helsinki, Ufini, alimsaidia mpiga picha Issa Michuzi kufungua blogu yake. Watanzania waliokuwa nje ya nchi waliifungua kila siku kuona picha za nyumbani. Sura yake haikuwa ya kifahari: picha, maneno machache chini yake, picha nyingine. Watu walifuata picha na habari. Nalitaja hili kwa sababu sisi tulianza na sura.

Sasa nirudi kwenye programu, maana hapo ndipo penye hatari ambayo waamini wengi hawaioni. Ukitumia Blogger, kazi ya kusasisha hufanywa na Google, ambao waliinunua mwaka 2003. Wewe unaandika tu. Ukitumia WordPress kwenye seva uliyolipia mwenyewe, unakuwa huru zaidi, lakini kusasisha ni mzigo wako. Na WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, kwa hiyo mwizi akipata ufunguo mmoja ana milango mingi ya kujaribu.

Ilitokea mwaka 2017. Matoleo ya 4.7 na 4.7.1 yalikuwa na tundu lililomwezesha mtu yeyote, bila neno la siri, kubadilisha maandishi ya habari iliyokwisha kuchapishwa. Toleo la 4.7.2 lililoziba tundu hilo lilitolewa tarehe 26 Januari. Waliolitoa walinyamaza kwa makusudi kwa takriban wiki moja bila kueleza kuhusu tundu hilo, ili tovuti nyingi zipate kujisasisha kwanza. Walipolieleza hadharani tarehe 1 Februari, wahalifu walikimbilia zile ambazo hazijasasishwa. Kurasa zaidi ya milioni moja zilichafuliwa ndani ya siku chache. Hakuna aliyekaa akachagua tovuti ya nani aivamie. Programu zao zilipita zikijaribu kila mlango. Anayesema "sisi ni parokia ndogo, nani atatuvamia?" hajaelewa jinsi wizi huu unavyofanyika.

Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Wengi huzima uwezo huo, na ninajua sababu, kwa maana nami niliuzima. Unaogopa kwamba ukisasisha, kitu fulani kitavunjika. Hofu hiyo ina msingi. Desemba 2018 lilipotoka toleo la 5.0 lenye namna mpya kabisa ya kuandika kwa vipande vipande, themu na plagini nyingi za zamani zilishindwa kwenda nalo, na waandishi waliozoea ubao wa zamani walijikuta hawajui hata pa kuweka picha. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuwa na nakala kamili ya tovuti kabla ya kubonyeza kitufe. Ukiacha kusasisha, unabaki na tundu.

Themu nazo huleta hatari. Mwaka 2011 iligunduliwa kasoro katika faili dogo liitwalo TimThumb, lililokuwa likitumika kupunguza ukubwa wa picha. Faili hilo lilikuwa limebebwa ndani ya themu nyingi, na wenye tovuti hawakujua kama wanalo. Walisasisha WordPress kwa uaminifu, lakini mlango ulikuwa kwenye themu. Kwa hiyo themu ya bure uliyopewa na rafiki kwenye flashi, hasa ile inayouzwa kwingine kwa fedha lakini wewe umeipata "imefunguliwa", usiiweke. Orodha rasmi ya WordPress ina themu za bure za kutosha. Na ukitaka kubadilisha kitu ndani ya themu, tengeneza kile mafundi wanachokiita themu mtoto, inayorithi kila kitu kutoka kwa mama yake na kubeba mabadiliko yako peke yake. Ukibadilisha mafaili ya mama moja kwa moja, siku utakapoisasisha kazi yako yote itafutika.

Sasa kosa langu. Tulikuwa tunahama pia kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine iliyo nafuu. WordPress ina kitufe cha kutoa yaliyomo yote katika faili moja. Nililitoa, nikaona ni dogo, nikafurahi. Nikaliingiza kwenye tovuti mpya, maandishi yakaja yote, nikatazama kurasa tatu nne, picha zikaonekana. Siku chache baadaye muda wa kule tulikotoka uliisha nasi hatukulipia tena.

Sikujua kwamba faili lile halibebi picha. Linabeba maandishi pamoja na anwani za mahali picha zilipo. Wakati wa kuingiza, kuna mahali pa kuweka alama ili programu iende kuzichota picha huko zilikokuwa. Mimi sikuweka alama hiyo. Picha nilizoziona siku ile zilikuwa bado zinatoka kwenye seva ya zamani. Seva ilipofungwa, zikazimika zote: upadrisho, jubilei, mashindano ya kwaya, na mazishi ya yule katekista.

Aliyehama kwa usahihi huchukua vitu viwili: hifadhidata nzima, ambamo maandishi hukaa, na folda ya picha, ambayo WordPress huipanga kwa mwaka na mwezi. Huvishusha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, halafu huvijaribu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa nakala. Seva ya zamani huachwa ikiwa hai walau mwezi mmoja baada ya kuhama, hata kama inauma kulipa mara mbili.

Jambo la pili nililoliharibu ni anwani. Katika tovuti ya zamani anwani ya kila habari ilikuwa na mwaka, mwezi na kichwa cha habari. Niliona ni ndefu, nikaondoa mwaka na mwezi. Kwa kubadilisha mpangilio huo pamoja na jina la tovuti kwa mara moja, niliua kila kiungo ambacho waamini walikuwa wamekitunza kwenye simu zao na kwenye makundi ya jumuiya ndogondogo. Seva inaweza kuambiwa kwamba ukurasa fulani umehamia kwa kudumu mahali pengine, na msomaji atapelekwa huko bila hata kujua. Mafundi huiita namba 301. Ni mistari michache tu. Lakini usipoiandika, msomaji hukutana na namba 404, na kwake maana yake ni kwamba mmeifuta habari ya mume wake.

Kuhusu sura yenyewe nitasema kidogo. Tovuti ya Vatikani ilifunguliwa Noeli ya mwaka 1995, kwa seva zilizopewa majina ya malaika wakuu Rafaeli, Mikaeli na Gabrieli, na kwa miaka mingi mno ilibaki na rangi ileile ya ngozi ya kuandikia ya zamani. Wabunifu waliicheka. Lakini mtu aliyetafuta waraka wa Papa aliupata. Sisemi tuige rangi ile (mimi mwenyewe siipendi), nasema tu kwamba uzee wa sura peke yake si sababu ya kubomoa.

Sababu ya kweli ya kubadilisha ni msomaji anaposhindwa kusoma. Msomaji wetu husimama kituoni akisubiri basi la Tanga au Moshi, jua likiwa kali juu ya kioo cha simu, na bando limebaki kidogo. Herufi za kijivu juu ya weupe hazioni. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kuwa na MB 4; habari ya upadrisho yenye picha 20 za namna hiyo ni MB 80, na huyo mama wa machungwa ndiye anayelipa. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi KB 150 kila moja, ukurasa mzima ni MB 3, na kwenye simu hataona tofauti. Zile picha zinazopishana juu ya ukurasa, nilizojivunia, ndizo nilizoziondoa kwanza.

Liko jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa seminari. Sisi ni watu wa kupita. Frateri anayeshughulikia tovuti mwaka huu, mwakani yuko mwaka wa kichungaji au amehamishiwa kwingine. Mara nyingi jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi, neno la siri liko kichwani mwake, na ujumbe wa kukumbusha malipo unaenda kwenye namba ya simu ambayo hatumii tena. Siku moja tovuti inazimika na hakuna anayejua wa kumpigia. Sasa tumeweka barua pepe ya ofisi, maneno ya siri yako kwenye bahasha iliyofungwa kwa mlezi, na kila anayekabidhi huketi na anayepokea wakasasisha pamoja mara moja, kuanzia kuchukua nakala hadi kukagua kurasa.

Picha tumeanza kuzirudisha. Baadhi ya kurasa zetu za zamani zilikuwa zimehifadhiwa na Internet Archive, wale wa Marekani ambao tangu 1996 hupita wakinakili kurasa za intaneti, na tuliokoa humo maandishi mawili matatu na picha ndogo. Nyingine zimetoka kwenye simu za wanakwaya. Kwa habari ya katekista tumepata picha sita kati ya kumi na moja. Ile ya jeneza likitolewa kanisani, ambayo mama aliiulizia kwa jina la aliyelibeba mbele, bado. Kama ulikuwepo siku ile na unayo, tafadhali tuletee. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha, kwa maana ukiituma kama picha itapunguzwa ubora njiani.