Vimeng'enya Viwili na Idhini ya Mmea Kukua

Aghlabu tuuonapo mche uliodumaa husema umekosa chakula, na tuuonapo ulionawiri husema umeshiba. Na kauli hiyo, ingawa haina uongo, imeacha nje jambo kubwa, nalo ni kwamba chakula peke yake hakikuzi mmea, maana seli haigawanyiki kwa sababu tu sukari imeifikia, bali kwa sababu ndani yake vimo vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuipima sukari hiyo, kisha kutoa idhini ya kujenga au amri ya kujizuia.

Vimeng'enya vilivyo vingi ni watenda kazi: kimoja huziunganisha sukari zikawa wanga, kingine huuvunja wanga huo usiku, na kila kimoja hushika shughuli yake. Lakini vipo vichache vyenye daraja ya usimamizi, ambavyo haviushiki wanga wala sukari, bali hubandika fosfeti juu ya vimeng'enya na protini nyingine, umbo la protini hiyo likabadilika, na kwa badiliko hilo iliyokuwa imelala ikaamka, au iliyokuwa kazini ikasita. Kundi hili huitwa kinasi. Na kwa kuwa vipo pia vimeng'enya vya kuibandua fosfeti, kila amri yaweza kutanguliwa mara hali inapogeuka. Kati ya kinasi za mmea nimechagua kueleza mbili, kwa sababu baina yao ndipo inapopitishwa hukumu ya kukua au kutokukua.

Ya kwanza ni TOR, ambayo habari yake ilianzia mbali sana na elimu ya mimea. Mwaka 1964 msafara wa wataalamu kutoka Kanada ulichukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kilichomo katika Bahari ya Pasifiki, na katika udongo huo ilipatikana bakteria itoayo dawa ya kuua kuvu, ikaitwa rapamisini kwa jina la kisiwa. Mwaka 1991, mjini Basel, Michael Hall na wenzake walipochunguza ni kitu gani ndani ya hamira kinachoshambuliwa na dawa hiyo, waliigundua TOR; na mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa wakabainisha kwamba kimmea kidogo cha Arabidopsis, cha jamii ya haradali, kikikosa kabisa jeni ya TOR, kiinitete chake husita kukua kingali ndani ya mbegu.

Jambo lililo bayana zaidi lilitoka katika maabara ya Jen Sheen nchini Marekani mwaka 2013. Mche mchanga hurefusha mzizi kwa akiba ya mbegu, na akiba ikiisha mzizi husimama. Kisha majani yakipata mwanga na kutengeneza sukari, au mtafiti akiutilia mche glukosi, TOR huamka, huibandika fosfeti protini iitwayo E2Fa, nayo hufungua jeni za kugawanya seli, mzizi ukashika tena safari yake. Lakini miche ambayo TOR yake ilikuwa imezimwa haikuendelea hata ilipopewa glukosi: chakula kilikuwapo, idhini haikuwapo.

Kinasi ya pili ni SnRK1, nayo ina jamaa zake katika hamira na katika miili ya wanyama, ishara kwamba asili yake ni kongwe kuliko mgawanyiko wa viumbe hivyo. Hii hushika hatamu wakati wa uhaba, kama giza linapokuwa refu au maji yanapoifunika mizizi, na mwaka 2007 Elena Baena-González pamoja na Sheen walionyesha kuwa inageuza utendaji wa jeni zaidi ya 1,000: zile za kujenga protini na kuta za seli hupunguzwa, na zile za kuvunja akiba hufunguliwa. Fauka ya hayo huizuia TOR yenyewe, kwa kuibandika fosfeti protini inayofuatana nayo.

Mtu angedhani kwamba mmea ulioondolewa kizuizi hiki ungekua bila kikomo. La hasha. Mimea iliyonyimwa SnRK1 ilidumaa na kuzeeka kabla ya wakati, ilhali iliyoongezewa ilistahimili njaa muda mrefu zaidi. Na kwa maoni yangu hilo ndilo funzo lenye thamani kuliko yote katika mlango huu wa elimu, kwa kuwa linaonyesha kuwa kujizuia ni sehemu ya kukua, wala si adui yake. Mbegu ya mpunga inayochipua chini ya maji, penye oksijeni haba, humudu kuvunja wanga wake kwa msaada wa kinasi hii hii.

Wajuzi wa kilimo wameyafuata maarifa haya hadi katika mahindi, zao ambalo likipigwa na ukame wakati wa kutoa ndevu huzaa magunzi yenye mapengo. Ipo sukari adimu, trehalosi yenye fosfeti, ambayo huongezeka sukari ya kawaida inapokuwa tele na kuituliza SnRK1. Watafiti walitia katika mahindi jeni ya mpunga inayoipunguza dalili hiyo ya shibe, sukari ikazidi katika gunzi changa, na majaribio ya shambani yaliyotangazwa mwaka 2015 yalitoa mavuno yaliyozidi kwa asilimia 9 hadi 49 pasipo ukame au penye ukame mdogo, na asilimia 31 hadi 123 penye ukame mkali. Zamani, tumbaku ilipotiwa jeni za bakteria za sukari hiyo zifanye kazi mwili mzima, ilidumaa na kutoa majani membamba. Kwa hiyo katika mahindi jeni ile iliwekewa kidhibiti kinachoifanya itende kazi hasa katika gunzi linalokua, karibu na siku za kuchanua, na sehemu nyingine za mmea zikaachiwa mizani yake ya asili.