Gari la Umeme Lililotumika: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Wananchi wa miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, ni wazoefu wa kununua magari yaliyotumika. Mnunuzi husikiliza injini ikiwa baridi, hutazama rangi ya moshi, huchomoa kijiti na kunusa oili, kisha ndipo hutaja bei. Ujuzi huo wote hauna pa kushika mbele ya gari la umeme. Halina moshi, halina oili ya injini ya kunusa, na hata likiwa limechoka huondoka kimya na kwa nguvu kama jipya. Kwa sababu hiyo, Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii imeona vema kueleza namna ya kulichunguza kabla fedha hazijabadilisha mkono.

Tutachukua mfano wa gari moja, nalo ni Hyundai Kona ya umeme, gari dogo lililoinuka kidogo kutoka ardhini, lililoanza kuuzwa mwaka 2018. Lenye usukani wa kulia huuzwa Uingereza, na ndilo linalofaa barabara za Uganda, Kenya na Tanzania. Lilitoka na betri za namna mbili: moja ya kilowati-saa 39.2 na nyingine ya 64. Kilowati-saa si jambo geni. Ni ile ile uniti tunayonunua kwa Yaka. Kwa vipimo vya Ulaya, betri ndogo ilipewa kilomita 289 na kubwa 449, gari likiwa jipya. Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200. Mwenye betri ndogo, akiwa na abiria wanne na mizigo, atafika, lakini asitarajie kurudi bila kuchaji. Muuzaji anayesema gari "lina betri kubwa" athibitishe kwa karatasi, kwa maana kwa macho magari hayo mawili hufanana sana.

Betri ndiyo mali yenyewe. Ikifa, kinachobaki ni viti na vioo. Fundi mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya dashibodi anaweza kusoma hali yake kwa programu ya simu. Hata hivyo, usiridhike na asilimia ya afya peke yake. Katika gari hili namba hiyo huweza kubaki 100 kwa muda mrefu, kwa kuwa mtengenezaji aliacha akiba ndani ya betri. Mwambie fundi akuonyeshe pia volti ya seli moja moja. Betri kubwa ina safu ya seli 98, na gari likiwa limetulia tofauti kati ya seli ya juu na ya chini huwa ndogo sana, sehemu chache za mia za volti. Ikikaribia sehemu moja ya kumi ya volti, yasimamishe mazungumzo ya bei.

Asiye na kifaa hicho bado ana njia, na binafsi naipenda zaidi kwa sababu haihitaji mtaalamu. Chaji gari hadi lijae, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, kisha liendeshe kilomita 80 kwa mwendo wa kawaida. Mwisho wa safari tazama mambo mawili: matumizi ya wastani yaliyoandikwa kwenye dashibodi, na asilimia ya chaji iliyopungua. Tuseme dashibodi inaonyesha uniti 16 kwa kila kilomita 100. Kilomita 80 zimekula uniti 12.8. Kwa betri nzima ya 64, hizo ni asilimia 20. Ikiwa chaji imeshuka kwa asilimia 26, basi unanunua betri ya uniti 49 hivi kwa bei ya 64. Muuzaji asiyekuruhusu kwenda kilomita 80 amekwisha kukujibu.

Kabla ya hesabu hiyo, hakikisha mita inasoma nini. Magari ya Uingereza hupimwa kwa maili. Gari lenye 40,000 kwenye mita limetembea zaidi ya kilomita 64,000, na madalali wachache hujisumbua kulieleza jambo hilo. Habari njema ni kwamba serikali ya Uingereza huweka wazi kwenye intaneti, bila malipo, kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka wa magari yake pamoja na namba ya mita siku ya ukaguzi. Ukiwa na namba ya usajili ya zamani unaweza kuzisoma mwenyewe. Kumbuka tu kwamba huko gari jipya kwa kawaida huanza kukaguliwa likitimiza miaka mitatu.

Lipo jambo la usalama linalohusu aina hii hasa. Mnamo Oktoba 2020, na tena Februari 2021, kampuni ya Hyundai iliyaita magari yake ya umeme karakana kwa sababu baadhi ya seli za betri zingeweza kupata shoti ndani kwa ndani na kuwaka. Wito wa pili uligusa takriban magari 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, na yapo yaliyobadilishiwa betri nzima. Gari la mwaka 2019 lenye hati ya kubadilishiwa betri ni bora kuliko la mwaka huo huo lisilo na hati, kwa maana betri yake ni changa kuliko bodi. Lisilo na hati, namba yake ya chesisi ichunguzwe kwa mtengenezaji ijulikane kama liliitikia wito. Likiwa halikuitikia, halifai kulazwa ndani ya gereji iliyoungana na nyumba wanamolala watoto.

Mengine hayana maneno mengi. Gari lipandishwe juu ili tumbo lake lionekane, kwa kuwa betri imelala chini ya sakafu nzima. Mkwaruzo wa plastiki si hoja. Chuma kilichobonyea ni hoja kubwa. Inua zulia, utafute matope, kutu na harufu ya maji yaliyokaa. Nyaya nene za rangi ya machungwa hubeba zaidi ya volti 300, hivyo fundi wa kawaida asizifungue. Uliza pia tundu la kuchajia. Gari la Uingereza lina pini saba juu na mbili nene chini. La China na la Japani yana matundu tofauti, na kituo cha kuchaji kinachofaa moja huenda kisifae jingine. Kwa soketi ya nyumbani, itoayo takriban kilowati 2.3, betri kubwa ikiwa tupu itahitaji karibu saa 30 kujaa. Kwa hiyo waya wa nyumba ukaguliwe kwanza na fundi umeme mwenye leseni, wala usichaji kwa waya wa kuungaunga.

Sasa tuje kwenye yale yanayoleta watu vituoni. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yalipatikana hapa Uganda, baada ya kifaa cha kufuatilia kilichofichwa ndani ya mojawapo kuonyesha mahali lilipo. Anayekutwa na gari la wizi hulipoteza hata kama alilinunua kwa nia njema, na fedha yake huanza kumtafuta muuzaji aliyezima simu. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Katika Kona, KMH mwanzoni humaanisha imeundwa Korea Kusini, na TMA humaanisha Jamhuri ya Cheki. Isome chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango na pale ilipogongwa kwenye sakafu. Kisha kifaa kile kile cha fundi kisome namba iliyomo ndani ya kompyuta ya gari. Wezi hubadilisha vibao. Kompyuta wengi huisahau. Namba zote zikilingana, ipeleke kituoni, na maofisa wa upelelezi wataomba ilinganishwe na kumbukumbu za Interpol kupitia ofisi ya Kampala.

Gari lenye namba za Kenya linalouzwa upande huu kwa bei ya kutupa lina maswali yake. Huenda liliingia kwa kibali cha muda tu, au kwa njia za panya, na ushuru wa Uganda haujalipwa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari kama hilo linaweza kutaifishwa, nalo litachukuliwa mikononi mwa aliye nalo. Huenda pia benki ingali mmiliki mwenza kwa sababu ya mkopo. Taarifa za umiliki huombwa kwa mamlaka ya usafiri ya Kenya, NTSA. Ushuru uthibitishwe kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, si kwa picha ya risiti iliyotumwa kwa simu.

Mkifikia maelewano, malipo yapitie benki kwa jina lile lile lililo kwenye kadi ya gari. Mkataba utaje namba ya chesisi, namba ya mita na ukubwa wa betri, nakala za vitambulisho vya pande zote ziambatishwe, na mwenyekiti wa LC I awe miongoni mwa mashahidi. Nyaya za kuchajia na funguo zote mbili zikabidhiwe siku hiyo hiyo.