Mzigo Ukianguka Ghalani

Baada ya mavuno wakulima wengi hupeleka mahindi yao kwenye ghala la chama cha ushirika, na wengine husaidia kupakua. Gunia moja la mahindi laweza kuwa na kilo 90. Magunia 10 yakimwangukia mtu ni kilo 900. Je, mwenye shamba akivunjika mgongo, nani atalima?

Mrundo wa magunia hauanguki bila sababu. Pengine mtu amechomoa gunia la chini, au panya wametoboa gunia, mahindi yakamwagika na mrundo ukainama.

Basi, tandika mbao juu ya sakafu iliyo sawa. Panga magunia kama fundi apangavyo matofali, gunia la juu lilalie mahali ambapo mawili ya chini yanakutana. Usiegemeze mrundo ukutani. Acha nafasi ya mita moja ya kupita. Unapotoa magunia, anza juu. Ukiona mrundo umeinama, usijaribu kuusukuma. Waondoe watu kwanza, kisha umwite msimamizi wa ghala.

Maghala makubwa hutumia foklifti, yaani gari lenye vyuma viwili mbele vya kuinulia mizigo. Gari hili ni kama mizani: mzigo uko mbele ya magurudumu ya mbele, na uzito wa gari uko nyuma yake. Mzigo ukizidi, gari huinamia mbele. Likikata kona huku mzigo uko juu, huweza kupinduka kwa ubavu. Kwa hiyo dereva asiende mpaka ateremshe vyuma karibu na ardhi. Tena, magurudumu yanayogeuka ni ya nyuma, na mkia wa gari huweza kumgonga aliyesimama kando. Usipite chini ya mzigo ulioinuliwa, wala usikubali kupandishwa juu ya vyuma hivyo.

Mtu akiangukiwa, ondoeni magunia kuanzia juu. Akiumwa shingo au mgongo, msimburute wala msimketishe. Mwacheni alale bila kutikiswa mpaka waganga wafike.

Aliyeajiriwa akiumia kazini, na amwarifu mwajiri wake mara moja, maana sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini inamlinda.

Kabla ya kupakua gunia la kwanza, tazameni mrundo uliopo. Ukiwa umeinama, upangeni upya kwanza.