Pamba nyumba pamoja na wanao Krismasi hii, lakini jihadhari

KILA ifikapo Desemba, maduka ya mijini hujaa mapambo ya kila aina: nyuzi za kumetameta, mipira myekundu ya kuning'iniza, miti ya plastiki na taa ndogondogo za kuwakawaka. Mzazi aliyepita hapo akiwa ameshika mtoto mkono anajua jinsi mshahara unavyoweza kwisha kabla ya sikukuu yenyewe kufika, ilhali Januari inasubiri mlangoni na karo yake.

Mengi ya mapambo hayo unaweza kuyatengeneza nyumbani na wanao kwa gharama ya pakiti moja ya unga wa ngano. Tena faida yake haiishii mfukoni, kwani kazi hiyo inagusa afya ya mtoto na yako wewe mzazi.

Mwaka 2002, mtaalamu wa saikolojia Barbara Fiese na wenzake nchini Marekani walichapisha mapitio ya utafiti wa miaka 50 kuhusu mazoea na mila za familia. Mila hizo zilihusishwa na watoto wenye utulivu zaidi, wazazi wanaojiamini katika ulezi na hata ndoa zenye maelewano. Wataalamu hao hutofautisha mazoea na mila. Kuosha vyombo baada ya chajio ni zoea. Kazi ikiisha, imeisha. Mila ni lile jambo ambalo mkilikosa mwaka mmoja, kila mtu nyumbani huona kuna kitu kimepungua. Bila shaka nyota ya karatasi haiwezi kuponya nyumba yenye ugomvi, na utafiti wa aina hiyo hauonyeshi moja kwa moja kipi kilisababisha kipi. Hata hivyo, jioni mbili tatu za kukaa mezani pamoja, televisheni ikiwa imezimwa, hazijamdhuru mtoto yeyote.

Kwa mtoto mdogo, kukata kwa mkasi, kukunja karatasi na kutunga shanga ni mazoezi ya misuli midogo ya vidole, ile ile atakayoihitaji kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Mjerumani Friedrich Froebel alilijua hilo alipoanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, ambako kukunja na kusuka karatasi kulikuwa sehemu ya masomo. Nawe huna haja ya kwenda mbali. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini 2019, ni mzazi gani wa mjini ambaye hajawahi kutafuta katoni usiku wa saa tatu?

Anza na mnyororo wa karatasi. Kata magazeti makuukuu au kurasa za madaftari yaliyokwisha ziwe vipande vyembamba, kisha gundisha kimoja kiwe pete, upitishe cha pili ndani yake, na kuendelea. Gundi si lazima ununue. Koroga vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji, upike kwa moto mdogo hadi uwe uji mzito, uache upoe. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupaka gundi hiyo huku kaka yake akikata.

Mapambo ya kufinyanga ndiyo yanayopendwa zaidi na watoto. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, ukande kama unavyokanda chapati. Sukuma donge, kisha watoto wakate nyota na kengele kwa mdomo wa glasi au kwa kisu kisicho kikali. Toboa tundu la uzi kabla hayajakauka, kisha yaanike juani siku mbili tatu ukiyageuza. Binzari kidogo hutoa rangi ya manjano, na maji ya chai nzito hutoa hudhurungi. Waeleze watoto waziwazi kwamba donge hilo si la kuliwa, kwani chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumdhuru sana mtoto mdogo, na hata mbwa wa nyumbani.

Iwapo mna jamaa mashambani, waombe wakuletee maganda makavu ya migomba, mkonge au maganda ya mahindi. Hivi hufaa sana kwa nyota, malaika na hori la Mtoto Yesu. Binafsi napendelea hivi kuliko pamba inayotandazwa juu ya mti ili ifanane na theluji. Theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya, na Desemba mitaani ni jua tupu. Isitoshe, pamba hushika moto upesi mno.

Hapa ndipo unapopaswa kuwa macho. Jambo la kwanza ni mbegu. Zile nyekundu zenye doa jeusi, ambazo huokotwa vichakani na kutungwa kama shanga, zina sumu kali sana, hasa zikitafunwa au zikitobolewa. Mbegu za mbarika pia zina sumu. Zote zinavutia macho, na ndiyo maana hazifai kuwa katika nyumba yenye mtoto. Mbegu za maboga zitatosha.

La pili ni maputo. Mtoto aliye chini ya miaka minane asiachiwe puto ambalo halijapulizwa, wala vipande vya lililopasuka. Kipande cha puto hujibandika kooni na kuziba pumzi, na kukitoa ni vigumu. Okota vipande mara tu puto linapopasuka, usingoje wageni waondoke.

La tatu, na ambalo wazazi wengi hawalijui, ni betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Hupatikana katika taa ndogo za mapambo, kadi zinazoimba na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza na ikakwama katika umio, inaweza kuuchoma vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Huenda akatokwa na mate mengi, akakohoa au akakataa kula, au asionyeshe dalili yoyote. Ukishuku kwamba ameimeza, usimtapishe wala usingoje itoke yenyewe chooni. Mkimbize hospitalini mara moja, hata kama ni usiku wa mkesha wa Krismasi. Kabla ya kununua kifaa chochote, angalia kama mfuniko wa betri umefungwa kwa parafujo.

Tawi la saiprasi linalouzwa kando ya barabara hukauka haraka, na likikauka huwaka kama karatasi. Lisimamishe ndani ya ndoo yenye mchanga uliolowa maji, mbali na jiko na taa ya mafuta. Huko Ulaya watu walikuwa wakiwasha mishumaa juu ya mti. Taa za umeme zilipamba mti kwa mara ya kwanza mwaka 1882 mjini New York. Usiirudishe desturi hiyo ya mishumaa stima inapopotea. Zima taa za mti kabla ya kulala, na usichomeke nyaya nyingi katika soketi moja. Ikiwa nyumbani kuna mwenye pumu, likung'ute tawi hilo nje na ulimwagie maji, kisha uliache likauke kabla ya kuliingiza ndani, kwa kuwa hubeba vumbi na kuvu. Akianza kukohoa, litoe nje.

Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia ambavyo majirani watakushauri upake havisaidii, na vinaweza kuleta maambukizi. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mikononi mwa mtoto, mpeleke hospitalini.

Rangi zilizobaki kwenye mikebe ya zamani usiwape watoto wapakie mapambo. Huenda zina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto polepole bila mzazi kutambua.

Usijaribu kufanya kila kitu kwa jioni moja. Chagua pambo moja mwaka huu, kila mtoto atengeneze lake na kuandika jina na mwaka nyuma yake. Yaya na nyanya aliyekuja kutembea wapewe nafasi pia, na baba asikimbilie gazeti. Nyota ikipinda, iache ilivyopinda. Mzazi anayenyakua mkasi ili arekebishe kazi ya mtoto humfundisha mtoto huyo kuketi na kutazama tu.

Sikukuu ikipita, funga mapambo ya karatasi katika katoni na uyaweke juu ya kabati. Yale ya unga yatie ndani ya mkebe wenye kifuniko cha kubana, la sivyo mende na panya watayamaliza kabla ya Pasaka.