Duka Dogo na Hatua za Kukua Kwake

Wasomaji wetu wa vijijini wameona mara nyingi jambo hili: baada ya mavuno mtu huuza pamba yake au kahawa yake, akajenga kibanda kando ya njia, akaweka chumvi, sukari, sabuni na viberiti. Majirani humsifu. Lakini kabla ya mavuno mengine kufika, mlango umekwisha fungwa, rafu ni tupu, na fedha ya jembe la mwaka mzima imetoweka. Ukimwuliza mwenyewe, atakuambia ya kuwa hakuibiwa, wala hajui ilikokwenda. Leo twapenda kueleza fedha hiyo hupotelea wapi.

Yapasa tufahamu kwanza ya kuwa biashara ina umri kama mtu. Mtoto mchanga halishwi ugali, wala kijana aliyetoka jandoni habebwi mgongoni. Kadhalika shauri lifaalo duka changa silo lifaalo duka lililokomaa, na wengi hupata hasara kwa kuchanganya nyakati hizo.

Hatua ya kwanza ni kuanza. Hapa kazi kubwa ni kutenga fedha ya duka mbali na fedha ya nyumba. Tuseme mtu amenunua bidhaa kwa Shs. 100/-, akaziuza kwa Shs. 115/-. Jioni huzitazama zile Shs. 115/- akaona zote ni zake, akatoa Shs. 20/- za kitoweo. Kumbe faida ilikuwa Shs. 15/- tu, amekula Shs. 5/- za rasilmali. Safari ya pili atanunua bidhaa za Shs. 95/-, na kwa kuwa bidhaa zimepungua, faida nayo itapungua. Akizidi kutoa Shs. 20/- kila safari, basi katika safari ya kumi mauzo yake yote hayatafika hata hizo Shs. 20/-. Na hapo hatujahesabu nauli, kodi ya kibanda, wala sukari iliyomwagika. Huyu hakuibiwa na mtu. Alijiibia mwenyewe kidogo kidogo, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Dawa yake ni daftari. Kila jioni mwenye duka aandike alichouza, alichonunua na alichotoa kwa matumizi yake, hata kama ni kipande cha sabuni cha kufulia nguo za watoto. Yafaa ajiwekee ujira wake kwa mwezi, usiozidi faida, wala asitwae zaidi. Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya pili ni kujulikana. Wateja wamekuwa wengi, na pamoja nao huja maneno haya, "Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Hatusemi ya kuwa kukopesha ni haramu; kijijini, ambako fedha huja kwa msimu, asiyekopesha kabisa huenda akapoteza wateja. Lakini na tutazame hesabu. Mtu akichukua bidhaa zilizogharimu Shs. 100/- asilipe, mwenye duka atahitaji faida ya Shs. 15/- mara saba hivi ili kurudisha hasara hiyo. Yaani wateja saba waaminifu hufanyiwa kazi bure kwa sababu ya mmoja asiyelipa. Basi kila mtu awekewe kiasi asichoweza kukipita, jina lake na siku ya kulipa ziandikwe mbele ya macho yake, na asipewe deni jipya kabla ya kulipa la zamani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye duka asione haya kudai, maana haya hiyo hulipwa na watoto wake.

Hatua ya tatu ni kupanuka: kuajiri msaidizi, kuongeza chumba, au kufungua duka la pili. Hapa twaonya kwa nguvu, kwa kuwa wengi hudhani duka hufa kwa kukosa wateja tu. Maduka mengine hufa kwa kukua upesi. Duka la pili hutaka bidhaa, kodi na mshahara tangu siku ya kwanza, na faida yake huja nyuma polepole. Mwenyewe hulinyonya duka la kwanza ili kulisha la pili, mwisho yote mawili hudhoofu. Mtu asifungue la pili mpaka la kwanza limeonyesha faida katika daftari muda wa mwaka mzima, wakati wa mavuno na wakati wa njaa. Tena awe na akiba iliyowekwa mahali salama, na kila mwezi ahesabu bidhaa zilizomo rafuni azilinganishe na daftari. Kumhesabia msaidizi si kumtuhumu. Ni kumlinda yeye pia asisingiziwe.

Mfano mkubwa wa kupanuka ni Allidina Visram. Alitoka Kutch katika Bara Hindi, akafika pwani yetu mwaka 1863, naye bado mtoto. Alitumikia kwanza katika biashara ya Sewa Haji wa Bagamoyo, akajifunza kazi za misafara. Baadaye alijitegemea, akaweka maduka kando ya njia za misafara. Na reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896, aliifuata na maduka yake. Tazameni utaratibu wake: alijifunza kwa mwingine kwanza, kisha alikwenda mahali ambapo watu walikuwa na haja, na kila tawi alilikabidhi kwa mwakilishi.

Lakini habari yake ina fundisho la pili. Alikufa mwaka 1916, na mwanawe akafa mwaka 1923, na biashara ile iliyoenea nchi nyingi haikudumu miaka mingi baada yao. Ikiwa biashara kubwa kama hiyo iliweza kuanguka, je, kibanda cha njia panda?

Ndiyo hatua ya nne, ambayo wachache huifikiri: biashara kuishi bila mwanzilishi wake. Maduka mengi vijijini yamo kichwani mwa mtu mmoja. Yeye peke yake ajua nani anadaiwa na nani anadai. Siku ya msiba wadai huja mbio, na wadaiwa hunyamaza. Mjane hana karatasi ya kuwaonyesha. Basi mwenye duka na amfundishe mkewe au mtoto wake kusoma daftari angali na afya, aandike wosia, na hati za duka ziwekwe mahali wanapopajua.

Wasomaji wetu, hatuwaogopeshi msifanye biashara. Twawaomba jambo moja tu: leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mwenye duka afungue daftari na ajiulize yuko hatua ya ngapi. Asiye na daftari na alinunue kesho, kabla ya kununua sukari.