Kwa Nini Ripoti ya Tovuti Hailingani na Daftari la Maagizo

Mdogo wangu aliyeko Tanga, ambaye tunauza naye magauni ya khanga, amefungua ripoti ya tovuti yetu, akaona maagizo machache, akaniandikia kwamba pesa ya matangazo naitupa. Neno hilo limeniuma. Hesabu zile nazifanya usiku watoto wakishalala, na maagizo yaliyomo kwenye daftari ni mengi kuliko ya ripoti. Naeleza hapa tofauti hiyo inatoka wapi, kwa faida yake na ya wengine mnaouza mkiwa ughaibuni.

Google Analytics huhesabu wanaoingia kwenye tovuti, lakini kuingia si kununua. Ndiyo maana unaweka lengo, yaani kitendo unachotaka mgeni akifanye. Toleo la zamani, lililoacha kukusanya takwimu tarehe 1 Julai 2023, lilikuwa na sehemu maalumu ya malengo. Siku hizi kila kitendo huandikwa kama tukio, nawe unachagua lipi ni tukio muhimu. Mimi nilichagua mawili: mteja kufika kwenye ukurasa wa shukrani baada ya kuagiza, na mteja kubonyeza kitufe cha WhatsApp, kwa sababu wa nyumbani hanunui kabla hatujapatana bei. Kisha unagawanya. Ziara 1,000 zikizaa maagizo 30, kiwango ni asilimia 3. Ziara hizohizo zikiwa za watu 600, na kila agizo likawa la mtu wake, kwa hesabu ya watu ni asilimia 5. Ukilinganisha mwezi na mwezi, shika hesabu moja.

Sasa njoo Ujerumani, ninakoishi. Kabla sijamhesabu mgeni lazima nimwombe ruhusa, na akikataa simwoni tena kwenye ripoti, hata akinunua magauni kumi. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa tiki mapema si ridhaa. Desemba 2021 Ujerumani ikaanza kutumia sheria yake yenyewe kuhusu vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kifaa cha mgeni ili kumtambua. Na Wajerumani wanakataa kweli! Jirani yangu, mama mtu mzima, husoma lile tangazo la vidakuzi neno kwa neno, kisha anafunga vyote.

Halafu kuna kununua kwa ankara. Nyumbani mteja akishapatana bei, M-Pesa inaingia papo hapo na biashara imeisha. Hapa mtu anaagiza, anatumiwa mzigo, analipa baadaye. Na kwa nguo za kawaida zilizonunuliwa mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, kwa hiyo anaagiza saizi tatu na kurudisha mbili. Ukurasa wa shukrani ulishamhesabu kwa agizo lote. Ripoti inapunguza upande wa vidakuzi na kuongeza upande wa marejesho, na mimi niko katikati na khanga zilizokunjuliwa.

Binti yangu mkubwa yuko upande wa Wajerumani. Shuleni wamewafundisha habari za taarifa binafsi, na sasa simu yoyote ikishikwa humu ndani yeye ndiye wa kubonyeza "kataa". Aliniuliza, "Mama, na wewe unawafuatilia watu?" Nilimweleza kwamba nahesabu maagizo, majina siyahitaji. Akafikiri, akasema basi kitufe cha kukataa kiwe kikubwa sawa na cha kukubali. Nilikibadilisha siku hiyohiyo, maana alisema haki. Mdogo wake ana miaka saba, anamjibu bibi yake kwa Kijerumani kwenye simu, lakini akiona gauni la khanga anasoma jina lote kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Jina linapokuwa refu, dada yake humsaidia bila kuombwa. Napenda kuwasikiliza kuliko kutazama ripoti yoyote.

Mdogo wangu, faida tugawane kwa daftari na taarifa ya benki. Ripoti tuitumie kujua ni tangazo lipi linaleta wanunuzi, na la Ijumaa linawaleta. Usilisimamishe.